Mkutubi Mpya na Kitabu cha Tippu Tip

SLADS, chuo cha wakutubi cha Tanzania, kilianzishwa mwaka 1989 mjini Bagamoyo, pale pale misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikitua pembe za ndovu. Mhitimu wake akipata kazi Tabora, iwe maktaba ya mkoa au ya chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, huifuata njia ile ile ya bara, ila hana mzigo begani.

Zamani mambo yalianza upande wa pili. Kabla ya SLADS, Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, iliendesha yenyewe kozi ya cheti kwa wasaidizi waliokwisha kuwa kazini. Masomo ya juu yakafuatwa Makerere. Mwanafunzi aliingia darasani akiwa na maswali ya kaunta. Sasa mhitimu anafika kaunta na majibu ya darasani, na hapo ndipo ulezi unapohitajika.

Ulezi huo, kwa maoni yangu, uanzie kwenye dawati la kuorodhesha. Chukua tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora. Mwandishi aingizwe kwa jina gani: Hamed bin Muhammed el Murjebi, au lakabu? Kanuni huchagua jina linalojulikana zaidi, na lile lingine likaachiwa kielekezo. Kanuni inasomeka kwa dakika mbili. Kuamua nani analijua jina gani, hilo hufundishwa na mtu aliyewahudumia wasomaji. Au utafiti wa Stephen Rockel kuhusu wapagazi, uliochapishwa mwaka 2006: kwa mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, uwekwe 331 pamoja na kazi na ajira, 388 pamoja na usafirishaji, au kwenye historia, 967? Mlezi mzuri hamtajii mwanagenzi namba. Humwachia aamue, aandike sababu, kisha waitetee au waivunje pamoja.

Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, imeleta kishawishi: rekodi inashushwa tayari kutoka Marekani, pamoja na namba na vichwa vya mada kwa Kiingereza. Kazi inakwisha upesi, lakini msomaji anayetafuta “wapagazi” haoni kitu. Kuongeza kichwa hicho cha Kiswahili ni zoezi la wiki ya kwanza. Ila mlezi naye apunguziwe idadi ya vitabu anavyodaiwa kuorodhesha, la sivyo atampa mwanagenzi kitufe cha kushusha na kurudi kwenye rundo lake.