Usahihi na Uthabiti: Maneno ya Kipimo cha Sukari ya Damu

Mwezi wa Julai, wakati baridi ya Njombe inapokuwa kali, tulikaa siku chache Mjimwema nyumbani kwa mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya kisukari. Jamaa yake aliye ng'ambo alikuwa amemletea kile kifaa kidogo kibandikwacho mkononi, ambacho husoma sukari mchana na usiku pasipo kutoboa kidole kila mara. Pamoja nacho ilikuja karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Asubuhi moja mwalimu alitoka kupasua kuni akiwa ametota jasho, na mikono ikimtetemeka. Kifaa kilionyesha 4.9, alipotoboa kidole, mashine ya kawaida ilionyesha 3.7. Alikunywa chai yenye sukari nyingi, na alipopata nafuu alitukabidhi ile karatasi akauliza: "Wanangu, hapa imeandikwa kuwa kifaa hiki ni sahihi. Je, kidole changu ndicho kisemacho uongo?"

Swali hilo si la mganga peke yake. Ni la mfasiri pia. Tuliidurusu karatasi ile, nasi twaona kuwa makosa yake yanastahili kujadiliwa hapa, kwani ni makosa ambayo wengi wetu tunayafanya.

Kwanza ni jina la kifaa chenyewe. Mfasiri amekiita "sensa". Neno hilo lina kazi yake tayari: mwananchi aliyehesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 hawezi kulaumiwa akidhani kuwa kinachobandikwa mkononi ni jambo la kuhesabu watu. Lugha yetu ina kitenzi "hisi", na kwa kanuni ile ile iliyotupatia "kipimo" na "kizibo" twapata "kihisi". Neno hili lafahamika bila mkalimani, na wengi wameanza kulitumia. Ile mashine ya damu ya kidoleni nayo yaweza kuitwa "kipimasukari", kwa mfano wa "kipimajoto".

Pili, karatasi yasema kwamba kifaa hupima damu. Hili si kosa la neno tu bali ni kosa la jambo lenyewe. Uzi mwembamba wa kihisi haukai ndani ya mshipa. Hukaa chini ya ngozi, katika majimaji yaliyo baina ya seli. Sukari hutoka katika damu kwanza, ndipo ikafika katika majimaji hayo, na safari hiyo pamoja na hesabu za kifaa huchukua dakika 5 hadi 15 hivi. Mtu akiwa ametulia, tofauti huwa ndogo. Lakini sukari ikishuka kwa haraka, kama ilivyomshukia mwalimu wetu kwa shoka lake, kihisi huwa bado kinaeleza hali iliyokwisha kupita. Kwa hiyo kidole hakikusema uongo, wala kihisi hakikuharibika. Kila kimoja kilipima mahali pake na kwa wakati wake. Mfasiri angaliandika "majimaji ya chini ya ngozi" badala ya "damu", mwalimu angalikuwa na jibu lake tangu mwanzo. Kuhusu ule muda wa kuchelewa, twapendekeza "bakio", kutokana na kubaki nyuma.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni neno "usahihi". Karatasi yalitumia kwa maana mbili zisizofanana. Hebu tuchukue mfano wa mizani ya sokoni Makambako. Ikiwa kila upimapo kilo moja ya viazi mizani yaonyesha gramu 1,100, leo, kesho na keshokutwa, mizani hiyo haigeukigeuki, lakini haisemi kweli. Hiyo ni thabiti, si sahihi. Usahihi ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Uthabiti ni ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vinaporudiwa. Kifaa chaweza kuwa na kimoja na kukosa kingine. Mfasiri akiyachanganya, mgonjwa ataona namba ile ile mara tatu na kuamini kuwa imethibitika, kumbe ni kosa lile lile lililorudiwa mara tatu.

Nne, karatasi yadai kuwa kifaa kina usahihi wa asilimia 91. Twashuku kuwa matini ya asili ilizungumzia wastani wa tofauti wa asilimia 9, naye mfasiri akaitoa 9 katika 100. Hesabu hiyo haifai. Wastani wa tofauti hupatikana kwa kulinganisha masomo mengi ya kihisi na kipimo cha rejeo, kuchukua ukubwa wa kila tofauti kwa asilimia, kisha kutafuta wastani wake. Baadhi ya masomo huwa karibu mno na mengine mbali sana. Asilimia 9 ya wastani haimwahidi mtu kwamba namba aionayo saa nane za usiku haiwezi kupotoka zaidi ya hapo. Tena akiulalia mkono wenye kihisi, mkandamizo peke yake waweza kuishusha namba ingawa sukari ya damu haikushuka.

Hata hivyo, tusije tukakifanya kidole kuwa hakimu asiyekosea. Kiwango cha kimataifa cha vipimasukari, ISO 15197 cha mwaka 2013, chataka angalau masomo 95 katika kila 100 yasipishane na maabara kwa zaidi ya milimoli 0.83 kwa lita pale sukari iwapo chini ya 5.55, na kwa zaidi ya asilimia 15 pale ifikapo hapo au kupita. Maana yake ni kwamba maabara ikisema 3.6, kipimasukari kilichofaulu chaweza kusema 2.8 au 4.4, na hesabu ya 3.9 ndiyo mpaka wa kuanza kutahadhari. Aliyemenya tunda tamu asinawe, atapima sukari ya tunda. Na katika baridi kama ya Njombe, kidole kilichoganda hutoa damu kwa shida, na vipande vya kupimia vina joto lake maalumu la kufanyia kazi. Ndiyo sababu twasema "kipimo cha rejeo" kwa kile cha maabara, wala hatusemi "kipimo cha kweli".

Hatuandiki haya ili kukidunisha kihisi. Kidole humwambia mgonjwa alipo, na kihisi humwonyesha aendako, kama sukari yapanda au yashuka. Na hapa pia yafaa mfasiri awe macho, maana "sukari imepanda" huweza kuwa habari ya damu, au habari ya bei dukani. Aandike "sukari ya damu" kila mara. Aandike na kizio pia, kwani milimoli 5 kwa lita ni sawa na miligramu 90 kwa desilita, na namba isiyo na kizio ni mtego.

Kusanifisha istilahi ni kazi ya Baraza, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967. Sisi twapendekeza tu: kihisi, kipimasukari, bakio, usahihi, uthabiti, wastani wa tofauti, na kipimo cha rejeo. Walimu wayajaribu madarasani na waganga wayajaribu vyumbani mwao, kisha watuandikie yapi yameshika na yapi yamekataliwa na wasemaji.

Mwalimu wetu naye hakungoja kamati. Juu ya ile karatasi alifuta neno "sahihi", na pembeni akaandika kwa mkono wake: "Mwili ukikataa namba, toboa kidole." Hatujaona tafsiri bora kuliko hiyo.