Robo ya Mzunguko

Gurudumu la baiskeli likianza kusaga, fundi mzuri haanzi na spana. Anaipindua baiskeli ikae juu ya tandiko na usukani, analizungusha gurudumu, huku mkono mwingine umeshika chuma cha fremu. Mkwaruzo wa gololi huvifikia vidole kabla ya masikio.

Mafundi wa kando ya barabara Kibera na Kawangware wameuzoea mkwaruzo huo, maana baiskeli wanazohudumia ni za kazi: Black Mamba zinazobeba maji na mikate, na zile za walinzi wanaoondoka Kawangware jioni kwenda kukesha kwenye malango ya Lavington. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Ifunge mitungi kadhaa kwenye keria, na karibu mzigo wote unaangukia habu ya nyuma, ambayo kwa kawaida ina gololi tisa kila upande, zenye upana wa robo inchi. Kati ya hizo, zinazobeba uzito kwa wakati mmoja ni zile chache zilizo upande wa mzigo. Vumbi na matope ya masika yakiingia humo, grisi inageuka msasa.

Nati ikifunguliwa, gololi hudondoka ndani ya kopo la mafuta ya taa. Hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko mahali pengine popote: anaosha kwanza, ndipo aamue. Anapitisha ukucha kwenye njia ya koni, pale gololi zinapotembea. Mstari unaong'aa ni uzima. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, koni hiyo imekwisha, hata kishimo kiwe kidogo kama punje ya mtama. Gololi anazibadilisha zote. Ukichanganya mpya na zilizolika, zile mpya, kwa kuwa ni kubwa kidogo, zitabeba mzigo peke yake na kuharibu njia upya. Kikombe kilichoshindiliwa ndani ya habu ndicho anachokiombea uzima, kwa sababu kukitoa ni kazi nyingine kabisa.

Kisha inatafutwa koni inayolingana, mara nyingi kwenye mkebe wa vyuma vilivyokusanywa kwa miaka. Ekseli za kizamani za Kiingereza zina hesi 26 kwa kila inchi. Nyingi za leo zina hesi moja kwa kila milimita. Macho hayaoni tofauti hiyo. Koni ya milimita 10 huweza kuingia kwenye ekseli ya inchi tatu kwa nane, ikashika kwa ulegevu, kisha ikala hesi njiani na mzigo juu. Kwa hiyo fundi huijaribu kwa vidole vitupu: izunguke bila kulazimishwa, na isicheze.

Gololi zinabandikwa moja moja kwenye grisi, ikiachwa nafasi ndogo isiyotosha kuingiza nyingine. Halafu inakuja robo ya mzunguko, na pengine ni chini ya hapo. Koni inakazwa mpaka iguse, inarudishwa nyuma kidogo, kisha inazuiwa kwa spana nyembamba, mara nyingine ya kawaida iliyonolewa kwenye jiwe, wakati nati ya nje inakazwa. Nati hiyo huisukuma koni ndani, kwa hiyo fundi lazima aache ulegevu ambao nati itakuja kuumaliza. Hakuna kipimo cha kumwonyesha kiasi. Nimewaona wakifungua na kukaza tena na tena, mteja akilalamika amechelewa, nao hawaharakishwi.

Mwisho gurudumu linaachwa hewani bila kusukumwa. Likiwa huru, uzito mdogo wa valvu tu unatosha kulivuta, nalo linayumba huku na huku mpaka valvu itulie chini. Fundi analitikisa ukingoni, halichezi. Anamwambia mwenye baiskeli arudi baada ya siku chache za mzigo, gololi zikishajikalia, ili koni ikazwe tena.