Kitabu Kinachosomwa kwa Miguu

Vitabu vingi husomwa kwa macho, na msomaji akidanganywa hapotezi ila wakati wake. Lakini kiko kitabu kisomwacho kwa miguu, nacho ni kiongozi cha njia. Mwandishi wake asemapo kuwa mbele kuna kijito, msomaji hunywa maji yake ya mwisho kwa imani. Kijito kikikosekana, kosa la kalamu huwa kiu ya mtu. Kwa sababu hiyo vitabu vya namna hii vyastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia hadithi na mashairi.

Somo hili nilifunzwa na jua. Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi kumi na wawili kupanda mlima wa Longonot, wenye kimo cha mita 2,776. Kijitabu tulichokuwa nacho kilisema kwamba kuzunguka ukingo wa shimo la mlima ule ni matembezi mepesi ya saa moja. Juu ya ukingo huo hapana maji. Tulitembea saa tatu, tukipanda na kushuka katika vumbi, na kabla hatujarudi tulikoanzia msichana mmoja aliketi chini asiweze kuinuka. Tulimkusanyia matone yaliyobaki katika chupa zetu, akapata nafuu. Tangu siku hiyo, kila nifunguapo kiongozi cha njia swali langu la kwanza ni hili: Je, aliyeandika alitembea?

Hilary na George Bradt walitembea. Mke alikuwa Mwingereza, na mume Mmarekani. Walisafiri kwa miguu, shanta mgongoni, katika milima ya Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1974 wakatoa kitabu chao cha kwanza, Backpacking Along Ancient Ways in Peru and Bolivia, kwa ajili ya watu wapendao kupita njia za kale za nchi hizo mbili. Walikiandika wangali safarini, ndani ya chombo kilichokuwa kikiteremka katika mmoja wa mito inayoingia Amazon. Mwaka wa 1977 walitoa kingine, juu ya matembezi katika Afrika.

Kazi yao ina sifa mbili ambazo mwanafunzi wa uandishi hana budi kuziona. Ya kwanza ni kwamba waliandika malengelenge yangali miguuni. Uchungu wa mlima husahaulika upesi, na mtu akisha kupumzika miaka kadhaa huandika fahari yake badala ya njia. Aandikaye kabla uchovu haujamtoka hukumbuka saa, maji na mahali pa kulala. Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Kalamu ya mbali nayo haimwongozi msafiri.

Sifa ya pili ni kwamba waliandika wawili. Hatua za mume na mke si sawa. Neno “mwepesi” likitoka kwa mmoja, mwenziwe yupo kulipima na kulikanusha. Mwandishi wa peke yake huipima dunia nzima kwa mapafu yake mwenyewe, na nadhani aliyeandika kijitabu cha Longonot alikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye nguvu nyingi na shaka chache.

Hata hivyo sifa si hukumu yote. Kitabu chao cha kwanza kilieleza, miongoni mwa njia nyingine, njia ya Wainka iendayo Machu Picchu, safari ya siku nne hivi ipitayo mahali palipo juu zaidi ya mita 4,000. Siku zile wageni waliopita huko kwa miguu walikuwa wachache. Wakaja wengi, hata serikali ya Peru ikaweka kanuni mwaka wa 2001: hapana mgeni aruhusiwaye kupita pasipo kiongozi mwenye kibali, na idadi ya watu kwa siku, wapagazi wakiwemo, isizidi mia tano. Basi yule msafiri aliyeandikiwa kitabu, mwenye kujichukulia mzigo wake na kwenda atakavyo, ndiye asiyeweza tena kuipita njia ile kwa namna hiyo. Kitabu kiliufungua mlango, na wingi wa waingiao ukaleta bawabu.

Je, tuwalaumu waandishi? Sifa za Machu Picchu zilikwisha kuenea duniani tangu Hiram Bingham alipofika huko mwaka wa 1911, na kitabu kimoja kidogo hakikuweza kuwaita watu wote wale. Lakini hakikosi sehemu yake. Tena tusisahau kwamba njia ile haikuvumbuliwa na mgeni yeyote. Ilijengwa kwa mawe na watu wa nchi, na wazao wao waliijua siku zote. Aandikaye njia ya watu wengine hana budi kuandika kama mgeni aliyekaribishwa: aseme njia ni ya nani, na apite asiiharibu. Hukumu yangu ni kwamba njia ikielezwa kwa ukweli huenda ikasongwa na watu, lakini ikielezwa kwa uwongo huua. Nikilazimika kuchagua, nachagua ukweli, na kanuni zifuate.

Wewe msomaji, ukitaka kuijaribu kazi hii, andika njia itokayo nyumbani kwenu hata shuleni, kisha umpe mgeni karatasi yako bila kumwambia neno. Keti umngoje. Akifika kwa saa uliyotaja, umeandika vema. Asipofika, usimcheke, nenda ukamtafute, maana aliyepotea ni yeye, lakini aliyekosea ni wewe.