Kamba za Udongo za Magdalene Odundo

Anayeingia darasa la ufinyanzi kwa mara ya kwanza hukimbilia gurudumu. Mimi ningemwanzisha na kamba za udongo, na ushahidi wangu ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimehifadhiwa hata British Museum. Alihamia Uingereza mwaka 1971, lakini ujenzi wa chungu kwa mkono aliufuata Nigeria, kwenye karakana ya Abuja, kwa mfinyanzi Ladi Kwali.

Udongo hukandwa kwanza mpaka hewa itoke na unyevu uenee sawasawa. Kisha huviringishwa kamba, zikazungushwa moja juu ya nyingine. Wanaoanza wengi hulainisha upande wa nje tu, wakaridhika. Kamba haijashika mpaka kidole kiuvute udongo wake ushuke juu ya ile ya chini, ndani na nje. La sivyo, chungu kikikauka ufa hufuata mstari uleule wa maungio. Ukuta mbichi nao haubebi uzito, ukiharakisha tumbo hubonyea. Kwa hiyo sehemu ya chini huachwa ikakamae kidogo, huku ukingo umefunikwa ili ubaki na unyevu wa kupokea kamba inayofuata. Matumbo mapana na shingo zilizoinama za Odundo zisingesimama bila subira hiyo.

Ving'arishi vya kioo hatumii. Hupaka uji laini wa udongo, kisha husugua. Kusugua hulaza chembe bapa za udongo pamoja, uso ukang'aa. Chungu kikiwa kibichi mno utakuwa unasukuma tope tu. Kikikauka kabisa utakikwaruza.

Motoni, haraka ni hatari tena: maji yaliyosalia huchemka kwenye nyuzi 100, na mvuke ukikosa njia hukipasua chungu. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo udongoni hutoa wekundu wa chungwa. Odundo akitaka weusi, hukichoma chungu mara ya pili kwa kukinyima hewa. Udongo ni uleule! Somo hili ningelifundisha mapema kabisa, na halidai tanuri la gesi: chungu kilichokwisha kuchomwa hufukiwa katika unga wa mbao ndani ya debe, unga ukawashwa juu na kuachwa ufukute taratibu. Palipofunikwa na moshi hutoka peusi, palipopenya hewa hubaki pekundu.