Lumbesa Ndani ya Katuni

Ukitaka kujifunza kuipima katuni ya kuchorwa kwa mkono, anzia soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, viazi vinaposhushwa. Mtazame mbeba mizigo anapoinua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Kwanza anatanua miguu, anainama, shingo inazama mabegani, anatulia kidogo. Ndipo gunia linapopanda. Hatua yake ya kwanza ni fupi kuliko ya pili. Sasa kaa mbele ya filamu. Mhusika akibeba gunia kama mto wa kulalia, mchoraji hakutazama. Na asiyeuona mgongo wa mtu hawezi kunisimulia dhuluma ya lumbesa, ambapo mkulima hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo uliozidi kilo 100 zinazokubalika kisheria.

Mstari unaotetemeka usikukwaze. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Wengi huchora 12, kila mchoro ukipigwa mara mbili. Dakika 5 tu ni michoro 3,600, na mkono wa mtu lazima uonekane. Mimi huuliza kama mkono huo una sababu ya kuwepo. Katika Yellow Fever (2012), Mkenya Ng'endo Mukii anazungumzia wanawake wanaojichubua kwa mkorogo, na anachanganya michoro na miili ya watu halisi. Hapo ngozi ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kuigusa kwa mkono kuna maana.

Filamu za ngano ni ngumu zaidi. Mkongo Jean-Michel Kibushi alichukua hadithi ya Watetela ya chura aendaye ukweni akaifanya filamu mwaka 1991. Hadithi ya namna hiyo ina marudio, wimbo na waitikiaji. Filamu inayoyakata hayo ili iwahi mwisho imebaki na mifupa. Mbaya zaidi ni ile ambayo Sungura, mwishoni, anasimama kutuhutubia kuhusu haki. Haki nataka kuiona kwenye sinia: nani amepewa paja, nani anangoja mchuzi.

Halafu fumba macho usikilize. Kama bibi wa kijijini ndani ya filamu anaongea kama mtangazaji wa redio, kazi haijaisha.

Wenye vibanda umiza wa Mwanjelwa, nawaomba: kabla ya mpira wa jioni, wekeni katuni moja ya kuchorwa kwa mkono. Ni dakika chache tu, na wabeba mizigo watakaokuwa wamekaa pale watajua mara moja kama gunia lina uzito.