Jibwa la Baskerville na Fuvu la Kalenga

Miongoni mwa filamu za Kiingereza za mauaji na vitisho, zile zinazovaa mavazi ya zama za Malkia Victoria, ipo moja ambayo tungependa kuizungumzia katika kurasa hizi. Nayo ni The Hound of the Baskervilles, iliyotolewa na kampuni ya Hammer mwaka 1959 chini ya uongozi wa Terence Fisher. Peter Cushing ndiye mpelelezi Sherlock Holmes, na Christopher Lee ndiye Sir Henry, mrithi wa nyumba yenye laana. Hatukuichagua kwa kuwa inazipita nyingine zote. Tumeichagua kwa sababu swali lililomo ndani yake ni swali letu pia, sisi tunaofundisha na kuchunga watu katika Nyanda za Juu Kusini: hofu ya watu humnufaisha nani?

Kisa ni hiki. Katika karne zilizopita Sir Hugo Baskerville, mtu mwovu, alimfukuza usiku binti wa mtumishi wake aliyetoroka, akamwua katika magofu ya abasia. Ndipo jibwa la ajabu likamrarua yeye mwenyewe. Tangu hapo ukoo wote ukahesabiwa kuwa umelaaniwa. Vizazi vikapita, Sir Charles akafa kwa mshituko, na Sir Henry akaja kurithi huku kila mtu akinong'ona. Holmes hawacheki wanaoogopa wala hawahubirii. Anauliza habari za kiatu kimoja kilichopotea. Mwishowe hugundulika kwamba jirani, ambaye naye ni wa damu ya Sir Hugo, aliutaka urithi. Akamfuga mbwa, akamshindisha njaa, akamnusisha kiatu cha yule aliyetakiwa kufa. Mbwa huyo alikuwa amevikwa barakoa. Katika kitabu cha Arthur Conan Doyle, ambacho ndicho chanzo cha filamu, alipakwa fosforasi ili ang'ae gizani. Laana, basi, ilikuwa vazi la muuaji.

Wale wanaosoma Ezekieli sura ya 18 pamoja nasi watatambua mara moja mahali tulipo. Mafundisho ya laana ya ukoo yana wateja wengi siku hizi, na wako wanaoishi kwa kuyauza.

Jambo moja limetuchekesha, kisha likatukera. Mzee Frankland, ambaye kitabuni ni mtu wa kupenda kesi, katika filamu amefanywa askofu. Askofu huyu hukusanya wadudu, hupenda mvinyo, na amepotelewa na buibui mwenye sumu. Kijiji kizima kinatetemeka, naye hana neno la kuwaambia watu. Tunadhani watengenezaji walitaka kicheko tu. Hata hivyo walichora picha ya kanisa ambayo ingefaa kutundikwa katika ofisi nyingi.

Njia hii ya kusimulia ilifika kwetu zamani. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko chake na rafiki yake Najum, kama vile Holmes alivyo na Watson. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, kichwa mbali na kiwiliwili, na watu wako tayari kuwatwika wahenga hatia. Bwana Msa hakubali. Kwa maoni yetu Abdulla ameipita filamu, kwa sababu mzimu wake ni mahali ambapo wasomaji wake wangeweza kweli kwenda kutambika, wala si magofu yaliyojengwa studio.

Sasa tuje Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huo ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ililia watoto wake waliouawa huku viungo vyao vikikatwa. Mbele ya maiti za namna hii wengi hunong'ona habari za nguvu za giza, na mnong'ono huo humfaa muuaji, maana hakuna atakayekwenda kutafuta kiatu. Kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba ukaidi wa Holmes unahitajika hapa kuliko huko Devon.

Lakini filamu yenyewe haiuamini ukaidi huo. Katika muda usiofikia saa moja na nusu, sehemu kubwa ni ukungu, mlio wa mbwa na nyuso zilizopauka. Maelezo ya kweli hupewa dakika chache, kwa haraka, kana kwamba yanaharibu biashara. Mtazamaji hurudi nyumbani akiwa na jibwa kichwani, si barakoa. Filamu zetu za video nazo zimeshika njia hiyo. Mussa Banzi aliita filamu yake ya kutisha Nsyuka, na msikilizaji wa Rungwe hulitambua neno hilo, kwa maana abasyuka wa Wanyakyusa walikuwa wafu wa ukoo, jamaa wa kuheshimiwa na kuogopwa kama baba aogopwavyo. Kuwageuza dubwana ni hasara.

Kuna neno jingine ambalo msomaji wa Iringa hawezi kuliruka. Kitabu cha Doyle kilianza kutolewa gazetini mwaka 1901. Katika sura yake ya kwanza Daktari Mortimer anaeleza waziwazi kwamba analitamani fuvu la Holmes. Anapenda kupapasa kichwa chake na kusifu umbo lake. Mwingereza husoma hapo kama mzaha. Miaka mitatu kabla, Julai 1898, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza fuvu lirudishwe. Halikurudi hadi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi ya makumbusho, vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa vikiwa ndiyo mwongozo.

Basi elimu ile ile inayomfichua muuaji wa Baskerville ndiyo iliyopanga vichwa vya watu wetu rafuni na kuvipa namba. Holmes hamwulizi Mortimer mafuvu anayoyapima ameyapata wapi. Fuvu lililorudishwa lilihifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo, na wako wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli ni la Mkwawa.