Marthe Wéry na Rangi Iliyopewa Njia

Marthe Wéry, mchoraji aliyezaliwa Brussels mwaka 1930 na kufia jijini humo mwaka 2005, hakumbukwi kwa sura ya mtu wala mti. Namsifu kwa sababu hiyo hasa. Na asiseme mtu kwamba sanaa ya namna hii ni ya Wazungu peke yao: nje kidogo ya Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika huko Tervuren, zipo nguo za rafia za Wakuba wa Kasai, Kongo, nyingi zikiwa zimefikishwa huko enzi za ukoloni. Wanaume walifuma kitambaa, wanawake wakadarizi na kukata nyuzi hadi zikasimama kama mahameli. Pembe na mistari tu, na jicho halichoki.

Wéry alifanya pia sanaa ya chapa, akapita katika karakana ya mchapaji Hayter mjini Paris, ambako kila mkwaruzo kwenye bamba la shaba hubaki. Miaka ya 1970 akawa anapiga mistari mitupu, mmoja baada ya mwingine. Kwa mbali huoni kitu. Sogea: huu umekolea, ule umepauka, mwingine umetetema kidogo mkono ulipopita. Mwendo wote uko humo.

Mwaka 1982 aliiwakilisha Ubelgiji kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice kwa michoro ya wekundu mtupu, akaiegemeza ukutani badala ya kuitundika.

Lakini mimi huvutwa zaidi na kazi za baadaye, alipoweka brashi kando. Aliulaza ubao kwenye beseni la rangi nyepesi, akaiacha rangi itulie na kukauka, kisha akarudia. Chembe huzama kwa uzito wake, maji hutafuta njia. Tazama ukingoni: matone yameganda, tabaka limelalia tabaka, na rangi ya chini inachungulia pale ya juu ilipokonda. Katikati kuna mawimbi membamba ambayo hakuna brashi ingeyaweza.

Wapo wanaosema hiyo ni bahati. Sikubali hata kidogo. Bahati haipimi uzito wa rangi, haichagui ubao uzamishwe mara ngapi, wala haijui lini itoshe. Hayo yote aliyaamua yeye, na alipoona imetosha aliinua mkono, hata kama pembe moja ilibaki nyembamba kuliko nyingine.